Programu Iliyokuwa na Adabu Mbele ya Mama Nukta

Mama Nukta hakupata kukagua kitu bila kwanza kukizima. Pasi ikitoa harufu, aliichomoa, akahesabu hadi kumi, akaichomeka tena. Redio ikikwaruza, ilizimwa. Feni, jiko, taa ya bafuni, vyote vilipita mkondo huo huo, na vingi vilipona. Wiki ya kwanza niliyopanga chumba cha juu nyumbani kwao, mumewe, ambaye ni fundi wa mizani, alinivuta pembeni akaniambia: "Mgeni, ukimwona anakutazama sana na wewe umenyamaza, sema kitu haraka. Asije akakuzima akuwashe upya."

Mama mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Jina la Mama Nukta alibandikwa na wenzake hospitalini alikoandika programu za kompyuta. Katika C, lugha aliyoandikia, kila sentensi hufungwa kwa nukta-mkato, na inasemekana aliwahi kumrudisha mwenzake kutoka getini, mkoba begani, saa ya kutoka imeshapita, ili akaiweke moja aliyoisahau. C ni lugha ya zamani. Waliokuja nyuma yake waliiacha wakakimbilia lugha laini zaidi. Yeye alibaki nayo.

"Haikubembelezi," aliniambia. "Ukitaka kukosea, inakuacha ukosee, tena kwa kasi."

Kazi yake kubwa pale hospitalini ilionekana ndogo: programu ya kuchapa lebo za vichupa vya damu. Mgonjwa anafika dirishani maabara, mpokezi anachagua jina lake kwenye orodha, anabonyeza kitufe kimoja, na printa inatema lebo yenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Mpokezi anaongeza namba ya hospitali kwa kalamu, anaibandika kwenye kichupa, kisha anaita mwingine. Miaka minane programu ile ilikwenda hivyo, na hakuna aliyewahi kuisifu, jambo ambalo Mama Nukta alilihesabu kuwa ndiyo sifa yenyewe.

Aliyekaa dirishani ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na waliishi nyumba moja. Mtaa mzima ulimwita Wifi, hata wanaume, ambao kwa kawaida ya lugha hawana mawifi. Muuza maji alimwita Wifi. Hata mimi siku ya tatu nilijikuta nimemwita Wifi, akaitika bila kugeuka. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kupita ukuta, na alikuwa amekaa dirishani pale miaka kumi na tisa. Yeye na Mama Nukta walichokozana tangu asubuhi kama watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

"Wifi, chai hii umeizima ukasahau kuiwasha?" Wifi angeanza.

"Imepoa ikikusubiri. Mdomo wako ulibaki getini unasalimia mtaa."

Nilikuwa nimekaa wiki mbili pale uchokozi ulipokatika.

Siku hiyo alikuwa amefika maabara mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole, akapewa lebo yake. Aliyemfuata alikuwa mhandisi wa barabara, mtu wa nchi ya mbali, ambaye jina lake linaanza kwa herufi O yenye vitone viwili kichwani. Vitone vile si mapambo. Nimeishi ndani ya lugha zenye herufi za namna hiyo, na najua kwamba ukiviondoa, mwenye jina anaweza asigeuke ukimwita. Wifi alimchagua kwenye orodha, akabonyeza, akaandika namba kwa kalamu, akabandika. Jioni daktari mmoja akaona ajabu. Vichupa viwili vilikuwa na jina la mwalimu, na damu yake katika kimoja ilikuwa ya kundi tofauti na lililoandikwa kwenye kadi yake ya zamani. Kilikuwa kichupa cha mhandisi. Bahati nzuri hakuna aliyekuwa amepewa dawa wala damu. Lakini ingeweza kuwa, na kila mtu hospitalini aliiona hiyo "ingeweza" imesimama mlangoni.

Namba iliyoandikwa kwa kalamu ilikuwa ya mhandisi. Jina lililochapwa lilikuwa la mwalimu. Kwa macho ya mtu yeyote, kisa kilijieleza chenyewe: mpokezi alikuwa amebonyeza mara mbili kwa mwalimu, akapiga soga, akambandikia mhandisi lebo ya ziada bila kuisoma.

"Nilibonyeza mara moja," Wifi alisema.

Aliisema kwa mkuu wa maabara, akaisema kwa daktari, akaiandika kwenye karatasi na kutia sahihi. Wakamwondoa dirishani, wakampeleka stoo kupanga mafaili ya zamani, na mahali pake wakamweka muuguzi. Kamati ingekaa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Barua iliyomwita ilikuwa na neno moja lililomnyima usingizi: uzembe.

"Ukifukuzwa maabara kwa kuchanganya damu za watu," aliniambia ngazini, ndoo mkononi, "hata mwenye kibanda cha soda anaogopa kukuajiri. Atasema utampa mtu soda ya mwenzake." Alicheka peke yake, kisha akasahau alikokuwa akiipeleka ndoo.

Jumatano kamati ilimwita Mama Nukta, kama mwandishi wa programu, aikague na kuleta ripoti. Alikwenda na daftari lake. Mkuu wa maabara alisimama nyuma ya kiti chake, na muuguzi akasimama nyuma ya mkuu.

"Kwanza tuizime," Mama Nukta alisema.

Akaizima programu. Akahesabu hadi kumi. Akaandika jina lake na neno lake la siri, akaiwasha upya kwa mkono wake. Akachapa jina la mwalimu, kisha jina la mhandisi. Lebo ya mhandisi ikatoka na O yake, vitone viwili juu, safi kabisa. Akarudia mara kumi. Akabadilisha mpangilio, akaanza na mhandisi, akachanganya na wengine. Lebo arobaini mezani, hata moja haikukosea. Akaandika ripoti ya mistari mitatu: programu imejaribiwa, inafanya kazi ipasavyo, hakuna hitilafu iliyoonekana. Akatia sahihi.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Jua lilikuwa halijazama tulipokaa mezani, sisi wanne, na sahani ya Wifi ilikuwa haijaguswa.

"Umesaini?"

"Nimesaini nilichokiona."

"Miaka kumi na tisa, wifi yangu. Kile kiti kimeshajua umbo langu. Leo niseme nilibonyeza mara mbili?"

"Sikuandika kwamba ulibonyeza mara mbili. Nimeandika programu haina hitilafu."

"Pale dirishani tulikuwa wawili tu, mimi na programu yako. Yeye akitoka msafi, mchafu ni nani?"

"Dada, kula kwanza," mume alisema.

"Wewe nyamaza. Mizani yako haijawahi kupima wanawake wawili."

Mama Nukta alikuwa ameinamia sahani. "Nimejaribu mara arobaini, wifi. Ningependa ikosee. Wallahi nilikaa pale naiomba ikosee. Haikukosea."

"Itakosea vipi na wewe umeikalia?" Wifi aliruka. "Hiyo programu ina adabu ya kinafiki. Ukiwepo wewe, imekunja mikono mapajani, shikamoo nyingi. Ukishatoka mlangoni, inapanda juu ya meza."

Nilidhani Mama Nukta atajibu kwa hasira. Badala yake aliweka kijiko chini.

"Sema tena."

"Nasema inakuogopa!"

"Hapana. Umesema nikiwepo." Akavaa miwani, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kitambaa cha meza. "Mimi nikiwepo nafanya nini ambacho wewe hufanyi?"

Hakuna aliyejibu isipokuwa mumewe, ambaye alikuwa bado anatafuna.

"Unaizima," alisema. "Halafu unaiwasha."

Mama Nukta alisukuma sahani kando.

Miaka yote ile, tulikuja kuelewa, alikuwa akifika kazini kabla ya wote na kuiwasha programu kwa mkono. Miezi miwili nyuma alipunguziwa siku za kazi kwa kuwa anakaribia kustaafu, na mkuu wa idara ya kompyuta, kwa nia njema kabisa, akaiweka programu ijiwashe yenyewe kila mashine inapoamka asubuhi. Kwa hiyo siku ya mwalimu na mhandisi ilikuwa imejiwasha. Na Jumatano, kabla ya kuikagua, yeye aliizima hiyo iliyojiwasha na kuiwasha yake. Alikuwa amemkagua mtuhumiwa mwingine kabisa.

"Wifi," aliuliza polepole, "katika hii miezi miwili, imewahi kukufanyia kitu kingine cha ajabu? Chochote."

"Kuna siku ilinitolea jina nusu la mtu, nusu la mwenzake. Kichwa cha huyu, mkia wa yule. Ilitokea mara mbili."

"Ukafanya nini?"

"Nikatupa, nikaandika kwa kalamu. Foleni ilikuwa mpaka nje."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia fundi wa printa, akasema wino. Na wewe siku hizi huonekani kazini ila kwa bahati, kama mwezi wa sikukuu."

"Hao watu wawili, majina yao yalikuwa na herufi zenye vitu juu? Au chini?"

Wifi alifikiri. "Mmoja alikuwa na kimkia. Chini ya herufi, katikati ya jina. Nilikiandika mwenyewe, nikajiona msanii."

Mama Nukta alisimama bila kumaliza kula, jambo ambalo mumewe aliniambia hajaliona tangu walipooana.

Yaliyotokea Alhamisi walinisimulia Mama Nukta na Wifi, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Mama Nukta alifika maabara kabla ya msafishaji. Mashine ilipowashwa, programu ikajiwasha yenyewe. Yeye alivuta kiti mbali na meza, akakaa mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, akamwambia muuguzi: "Bonyeza wewe. Mimi leo siruhusiwi kugusa kitu." Jina la mwalimu: lebo ikatoka ya mwalimu. Jina la mhandisi: lebo ikatoka ya mwalimu.

"Rudia," alisema.

Mwalimu tena, kwa kubonyeza mara moja.

Aliniambia hajawahi kufurahi kiasi kile kwa kuona kazi ya mikono yake imeharibika. Alishuka ngazi mbili mbili, ingawa magoti yake humuuma, hadi stoo, akamkuta Wifi katikati ya mafaili yenye vumbi, akachukua ile lebo na kumbandika nayo nyuma ya kiganja.

"Hii nini tena?"

"Ushahidi kwamba hukubonyeza mara mbili."

Wifi aliisoma. Alikaa juu ya rundo la mafaili. "Nilijua," alisema. "Nilijua, lakini juzi usiku nilianza kujiuliza. Wifi, nilianza kujiuliza kama kweli nilibonyeza mara moja."

"Mara moja," Mama Nukta alisema. "Mara moja tu, dada yangu." Siku za kawaida hakumwita hivyo.

Hapo kisa kingeweza kuishia, na mkuu wa idara ya kompyuta alitaka kiishie hapo. Hakuwa mtu mbaya. Alimkuta Mama Nukta mchana amefungua maandishi ya programu, kidole kimesimama kwenye mstari mmoja, uso umesawijika.

"Mama, tuwaambie kamati ni tatizo la mashine," alisema. "Mashine imeamka vibaya. Limetokea, limerekebishwa. Umebakiza mwaka mmoja na nusu, kwa nini uende kujivua nguo mbele ya watu?"

"Na mpokezi?"

"Mpokezi ataambiwa haikuthibitika."

Mama Nukta alilirudia neno hilo kimoyomoyo njia nzima ya kurudi nyumbani. *Haikuthibitika.* Ni neno linalomwachia mtu kazi yake na kumwekea doa kwenye faili. Kila kichupa kitakachopotea baada ya hapo, watu wangegeuka kutazama dirisha lile. Na ule mstari chini ya kidole chake aliuandika yeye mwenyewe, miaka minane iliyopita, asubuhi moja alipokuwa na uhakika na kila kitu.

Jioni ile nilimuuliza mstari wenyewe ulikuwa na nini. Alinitajia amri ya C iandikwayo mbstowcs, neno ambalo mimi, niliyekwisha kutamka majina ya stesheni za treni za nchi tisa, sikuweza hata kulianza. Alicheka kidogo. "Usijali," alisema. "Kesho itabidi niieleze bila kuitamka."

Ijumaa asubuhi kamati ilikuwa ya watu watano kwenye meza ndefu: mwenyekiti mwenye nywele za mvi, daktari aliyegundua kosa, mkuu wa maabara, na wawili wa utawala. Wifi alikaa peke yake upande wa pili, amevaa gauni lake la kuendea harusi za watu. Mama Nukta aliomba kusimama.

"Naomba mnivumilie na mfano wa wageni na makochi," alianza. "Ndani ya kompyuta jina lina safari. Linaingia kwa mlango mwembamba. Herufi za kawaida, a mpaka z, kila moja inaingia peke yake, mkono mtupu. Majina ya wengi wetu humu ni hivyo. Lakini herufi yenye vitone au kimkia inakuja na mzigo. Inachukua nafasi mbili mlangoni, nyingine tatu. Hiyo tunaita baiti nyingi. Sasa mle ndani sebuleni, printa haitaki kujua nani ana mzigo. Inataka kila herufi moja iwe imekaa kwenye kochi moja, makochi yote sawa, awe mnene au mwembamba. Hizo tunaita herufi pana. Kazi ya kuwatoa mlangoni na kuwakalisha kwenye makochi niliiandika mimi."

"Mpaka hapo tuko pamoja," mwenyekiti alisema.

"Mlangoni kuna bawabu. Lazima aambiwe leo tunapokea wageni wa desturi gani. Mimi nilimwambia: sikiliza anayekuamsha. Nikimwamsha mimi, jina langu la kuingilia kwenye mashine linamwambia, wapo wenye mizigo, wapokee. Miaka minane nilimwamsha mimi. Ilipoanza kujiwasha yenyewe, hakuna aliyemwambia neno. Bawabu asiyeambiwa anarudi kwenye desturi ya zamani kabisa: mkono mtupu tu. Akaja mhandisi. Herufi yake ya kwanza ina mzigo. Bawabu akamkataa, na wote waliokuwa nyuma yake."

"Na jina la mwalimu lilitoka wapi?" daktari aliuliza.

"Lilikuwa bado limekaa. Sikuwa nimewaondoa wageni wa kwanza kabla ya kuita wa pili. Printa haiulizi, inapiga picha waliokaa. Kama mwenye mzigo yuko katikati ya jina, waliomtangulia wanaingia na kukaa makochi ya mbele, ya nyuma yanabaki na wa zamani. Ndiyo maana mpokezi aliwahi kupata majina nusu kwa nusu."

Mmoja wa utawala aliinua kalamu. "Lakini hakuna ulinzi? Bawabu akikataa mtu, haombi msaada?"

Hapa, Wifi aliniambia, Mama Nukta alivua miwani.

"Anaomba. Anarudisha hasi moja. Na mimi nilimweka mlinzi: nikaandika, ukiletewa jibu dogo kuliko sifuri, simamisha kila kitu. Lakini jibu lenyewe nililipokelea kwenye chombo cha namba zisizojua hasi. Ukitia hasi moja humo, inageuka kuwa namba kubwa kuliko zote. Kwa hiyo mlinzi wangu alikaa miaka minane anasubiri kitu kidogo kuliko sifuri mahali ambapo hakuna kitu kidogo kuliko sifuri. Angesubiri mpaka kiama. Ni kosa ambalo tunawaonya wanaojifunza wiki ya pili. Mimi mwenyewe nimewaonya."

"Kwa hiyo kosa ni lako," mwenyekiti alisema.

"Ni langu. Kujiwasha kumelifichua tu."

"Na ripoti ya Jumatano?"

"Ripoti ya Jumatano naomba niiondoe. Nilikagua nilichokiwasha mimi, sikukagua alichokuwa nacho yeye."

"Na mpokezi?"

"Mpokezi alibonyeza mara moja."

Daktari hakuwa amemaliza. Alitaka kujua, katika miezi miwili ile, ni wangapi wengine. Hilo ndilo walilokuwa wakiliogopa wote, ingawa hakuna aliyekuwa amelitaja. Mama Nukta alifungua daftari. Alikuwa ameshinda Alhamisi alasiri na muuguzi wakipitia kila jina lililopita dirishani tangu programu ianze kujiwasha. Wenye herufi za mizigo walikuwa watatu. Wa tatu ni mhandisi. Wawili wa kwanza vichupa vyao viliandikwa kwa mkono, kwa maandishi yanayosomeka hadi upande wa pili wa chumba, kwa sababu mpokezi aliitazama lebo, hakuipenda sura yake, akaitupa.

"Kwa hiyo aliyezuia makosa mawili," daktari alisema, "ni huyu huyu tuliyemwita kwa uzembe."

"La tatu lilinipita," Wifi alisema. Ndilo neno lake la kwanza asubuhi ile. "Lilikuwa jina zima, zuri. Sikulisoma. Hilo nalikubali."

Mkuu wa maabara alishusha pumzi ndefu hadi karatasi zikasogea mbele yake, na mwenyekiti, ambaye alikuwa na wajukuu wawili waliotolewa damu katika dirisha lile lile mwezi uliopita, akatoa leso akajifuta shingo. Hawakujadiliana muda mrefu. Neno uzembe lilikatwa kwa kalamu kwenye barua, na barua ikachanwa. Wifi angerudi dirishani Jumatatu, na kuanzia siku hiyo mpokezi yeyote angemsomea mgonjwa jina lake kwa sauti kabla ya kubandika. Mama Nukta alipewa onyo la maandishi, la kwanza maishani mwake, na siku tatu za kurekebisha programu. Alihitaji saa mbili tu: bawabu sasa anaambiwa desturi kwa maneno, hata aamshwe na nani, makochi yanasafishwa kabla ya kila jina, mlinzi anasubiri jibu lenyewe hasa, na ikishindikana, printa haitoi kitu, inapiga kelele.

Walirudi mchana, kwa miguu, na niliwasikia tangu kona.

"'Tunasikitishwa na uangalifu mdogo,'" Wifi alikuwa akisoma ile barua ya onyo kwa sauti ya mtangazaji. "Wifi, wamekuandikia vizuri! Hii tuiwekee fremu. Tuitundike juu ya jiko."

"Nipe hiyo karatasi."

"'Uangalifu mdogo.' Kumbe walikuwa wanaijua na chai yako!"

"Mume wangu, mwambie dada yako anipe karatasi yangu."

Mume alikuwa amekaa kizingitini na mizani ya duka fulani imefumuliwa mbele yake, skrubu kila mahali. Aliwatazama wakija, akawatazama tena, kisha akainama haraka akaanza kutafuta skrubu ambayo nadhani haikuwa imepotea.

Chakula kilipashwa moto. Wifi alikula sahani mbili, akaanza kutusimulia kikao tangu mwanzo, pamoja na sauti za wajumbe wote, na alipofika kwa daktari na swali lake, sentensi ikakatika. Tulimtazama. Alikuwa amelala, kichwa nyuma kwenye kochi, mdomo wazi, viatu vya kutokea bado mguuni, barua ya onyo imekunjika chini ya kiwiko chake. Saa ya ukutani ilionyesha tisa alasiri. Kwa siku kumi na moja nilikuwa nimezisikia nyayo zake chini ya chumba changu kila alfajiri.

Mama Nukta alipiga magoti, akamfungua viatu kimoja kimoja, akaviweka sawasawa kando ya kochi. Hakuichomoa barua.

Getini mtu aligonga. "Hodi! Wifi yupo?" Alikuwa muuza maji.

Mama Nukta alitoka nje kwa haraka na kurudisha mlango nyuma yake taratibu, lakini nilimsikia.

"Yupo," alisema kwa sauti ya chini. "Amelala. Rudi kesho baba, au hata keshokutwa. Jumatatu anaingia kazini."